David Paterson, gavana wa New York ambaye hakuna aliyemtarajia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Machi 2008 jimbo la New York lilipata gavana ambaye wiki moja kabla hata yeye mwenyewe hakuwa na habari. Wengi wanaouliza juu yake wamesikia mambo mawili tu: kwamba haoni, na kwamba aliingia kwa kashfa ya mwenzake. Yote mawili ni kweli, lakini anayeishia hapo amebaki kizingitini. Nimemfuatilia Paterson kwa miaka mingi na naamini hajatendewa haki na simulizi fupi zinazomzunguka, ndiyo maana baadhi ya majibu haya ni marefu.

David Paterson ni nani?

Ni Mdemokrati na mtoto wa siasa za Harlem, eneo maarufu la Wamarekani Weusi katika Jiji la New York. Alizaliwa Brooklyn Mei 20, 1954. Alikaa katika Seneti ya jimbo la New York kuanzia 1985 hadi mwisho wa 2006, akawa naibu gavana kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha gavana wa 55 wa jimbo hilo kuanzia Machi 17, 2008 hadi Desemba 31, 2010. Ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika ugavana wa New York, na wa nne katika Marekani nzima, baada ya P. B. S. Pinchback wa Louisiana, Douglas Wilder wa Virginia na Deval Patrick wa Massachusetts.

Tusichanganye maseneta. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na Paterson alikuwa seneta kule Albany, makao makuu ya jimbo. Hakuwahi kuwa seneta wa Washington.

Na kwa msomaji wa Tanzania, ambako neno "gavana" humpeleka mtu moja kwa moja Benki Kuu: gavana wa jimbo la Marekani si mkuu wa mkoa wa kuteuliwa. Huchaguliwa kwa kura za wananchi, huandaa bajeti, husaini miswada au kuikataa, na anaweza kumsamehe mfungwa.

Ilikuwaje akawa gavana bila kugombea ugavana?

Mwaka 2006 Eliot Spitzer, mwanasheria mkuu wa jimbo aliyejijengea jina kwa kuwashtaki wakubwa wa Wall Street, kitovu cha mabenki na masoko ya fedha, aligombea ugavana na kumchukua Paterson kuwa mgombea mwenza. Walishinda kwa karibu asilimia 69 ya kura. Katika uchaguzi mkuu wa New York, gavana na naibu wake hupigiwa kura moja ya pamoja, kwa hiyo wananchi walimpigia Paterson kura, ila walimpigia akiwa kivuli cha mwenzake.

Jumatatu, Machi 10, 2008, gazeti la New York Times lilitoa habari kwamba Spitzer alikuwa mteja wa mtandao wa biashara ya ukahaba. Jumatano akatangaza kujiuzulu. Jumatatu iliyofuata Paterson akaapishwa. Kuanzia habari kutoka hadi kiapo zilipita siku saba.

Watanzania wanaokumbuka Machi 2021 wanajua hali hiyo ilivyo: makamu anaamka akiwa makamu, na kabla watu hawajamaliza kuambizana habari, nchi inamtazama yeye. Tofauti ni kwamba kule New York hakukuwa na msiba wa kuwaunganisha watu. Kulikuwa na aibu.

Naibu gavana wa New York ana kazi gani?

Kwa kawaida, ndogo mno. Huongoza vikao vya Seneti, hupiga kura inapobidi kuvunja sare, na husubiri. Ni cheo ambacho watu hukisahau mpaka siku kinapohitajika, na mwaka 2009 kilihitajika kuliko siku zote. Tutafika huko.

Kwa nini alikubali cheo kisicho na nguvu?

Marafiki zake walilishangaa hilo. Mwishoni mwa 2002 alimwangusha Martin Connor na kuwa kiongozi wa Wademokrati katika Seneti ya jimbo, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuongoza chama katika bunge la New York. Wakati huo Warepublican walikuwa wengi, lakini wingi wao ulikuwa unayeyuka uchaguzi baada ya uchaguzi. Angevumilia kidogo angekuwa mkuu wa Seneti nzima, mmoja wa watu watatu wanaoamua karibu kila kitu pale Albany.

Yeye alikuwa na hesabu nyingine, nayo ilizungumzwa waziwazi. Hillary Clinton, seneta wa New York kule Washington, alitarajiwa kugombea urais. Angeshinda, kiti chake kingebaki wazi, na gavana ndiye anayekijaza. Paterson aliweka dau lake hapo. Clinton hakushinda, lakini kiti kikawa wazi hata hivyo, na aliyetakiwa kumteua mtu wa kukikalia akawa Paterson mwenyewe.

Haoni kabisa?

Jicho la kushoto halioni kitu. La kulia lina uoni hafifu sana. Anaweza kutambua watu na maumbo kwa karibu, na kusoma maandishi makubwa kwa muda mfupi. Kisheria anahesabiwa kuwa asiyeona. Chanzo kilikuwa maambukizi ya sikio alipokuwa mchanga wa miezi mitatu, yakafika hadi kwenye mshipa wa jicho. Gavana mwingine wa Marekani wa hali hiyo kabla yake ni Bob Riley wa Arkansas, aliyekaimu kwa siku 11 Januari 1975.

Alisoma shule za wasioona?

Hapana, na hapa wazazi wake wanastahili kutajwa. Shule za umma za Jiji la New York hazikuwa tayari kuahidi kwamba angesoma darasa moja na watoto wengine. Basil na Portia Paterson wakahama. Walinunua nyumba upande wa Hempstead, Long Island, ambako shule zilikubali kumpokea katika madarasa ya kawaida, akawa mwanafunzi wa kwanza mwenye ulemavu kuingizwa hivyo katika shule za umma za hapo. Alimaliza sekondari 1971, akapata shahada ya historia Chuo Kikuu cha Columbia 1977, kisha akasomea sheria Hofstra.

Hakujifunza nukta nundu. Alisoma kwa masikio, na kwa kubandika uso kwenye karatasi mpaka jicho lichoke. Mtihani wa uwakili ulimshinda, na amekuwa akieleza kwamba hakupewa nafasi na muda unaomfaa mtu asiyeona. Kwa hiyo hakuwahi kuwa wakili, ingawa alifanya kazi ofisi ya mwendesha mashtaka wa Queens.

Sasa alifanyaje kazi yenye makaratasi mengi hivyo?

Wasaidizi wake walimsomea taarifa kwenye simu na kuzirekodi, naye akazisikiliza, mara nyingi usiku, moja baada ya nyingine. Muhtasari wa mswada, takwimu za hospitali, majina ya watakaokuwa mezani kesho yake: vyote vilipitia sikioni na kukaa kichwani. Hotuba alizikariri. Hotuba ya mwaka ya gavana mbele ya bunge ni ndefu, na wenzake huisoma kwenye kioo cha maandishi. Yeye alisimama mikono mitupu na kuitoa yote.

Njia hii ilikuwa na gharama. Anayetegemea kusomewa anategemea pia uaminifu na utulivu wa wanaomsomea, na ofisi ya Paterson ilibadilisha watu kila mara. Naamini sehemu ya vurugu za utawala wake ilianzia hapo: wasaidizi wake hawakukaa muda wa kutosha kumzoea. Macho yake hayakuwa tatizo.

Ni kweli baba yake ndiye aliyembeba?

Baba alifungua mlango. Basil Paterson alikuwa seneta wa jimbo, naibu meya wa Jiji la New York, na Katibu wa Jimbo la New York. Yeye, Percy Sutton, Charles Rangel na David Dinkins ndio kundi la wanne lililoongoza siasa za Harlem kwa miongo kadhaa. Dinkins alifika hadi kuwa meya wa kwanza Mweusi wa jiji. Mwaka 1985 seneta wa eneo hilo alipofariki, David, mwenye miaka 31, alipata tiketi ya chama akashinda. Jina la ukoo lilimsaidia, hakuna ubishi. Lakini kushinda kiti hichohicho kwa zaidi ya miaka 20, na kuwashawishi maseneta wenzako wamng'oe kiongozi wao wakuweke wewe, hiyo si kazi ya baba.

Siku ya kiapo ilikuwaje?

Ukumbi wa bunge ulijaa wanachama wa vyama vyote viwili, na walikuwa na kiu ya kusikia jambo jema baada ya wiki ile. Paterson hakuwa na karatasi. Alisema yeye ni David Paterson na ni gavana wa Jimbo la New York, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alitania watu, akawataja mahasimu wake kwa mapenzi, akazungumzia watu wenye ulemavu wanaonyimwa nafasi ya kuonyesha uwezo wao. Hata Warepublican walimpenda siku ile.

Kesho yake yeye na mkewe wakaitisha mkutano na waandishi na kukiri kwamba kila mmoja alikuwa na uhusiano nje ya ndoa miaka ya nyuma. Siku chache baadaye akakiri kwamba alipokuwa kijana aliwahi kutumia bangi na kokeini. Wengi walimcheka. Mimi nadhani alitazama kilichomwangusha Spitzer akaamua kwamba hatamwachia mtu yeyote siri ya kumtishia nayo.

Alikuta hali gani ya fedha?

Mbaya, na yeye aliiona mapema kuliko wengi. Kiasi cha senti 20 katika kila dola ya kodi ya jimbo zilitoka Wall Street. Julai 29, 2008, wiki saba kabla benki ya Lehman Brothers haijaanguka, alionekana katika televisheni kuwaonya wananchi. Alitoa mfano mmoja uliotosha: Juni 2007 benki 16 kubwa zililipa jimbo kodi ya dola milioni 173, Juni 2008 benki hizohizo zililipa dola milioni 5.

Aliita wabunge kutoka likizo wapunguze matumizi. Alipendekeza kukata fedha za shule na hospitali, mambo ambayo gavana Mdemokrati huyagusa kwa hofu, kwa kuwa vyama vya walimu na wahudumu wa afya ndio nguzo za chama chake. Matangazo ya kumshambulia yakajaa televisheni, mengine yakitumia wagonjwa na watu wenye ulemavu kumsema. Umaarufu wake ukaporomoka.

Mwaka 2010, bajeti ilipochelewa kwa miezi, alitumia silaha ambayo magavana waliomtangulia hawakuitumia hivyo. Jimbo lisipokuwa na bajeti huendeshwa kwa miswada ya dharura ya muda mfupi, ambayo bunge huikubali au huikataa nzima. Paterson akaanza kuingiza makato ya kudumu ndani ya miswada ile. Wabunge wangeikataa, serikali ingefungwa mikononi mwao. Kisha waliporudisha matumizi yao, alikaa na kutia kura ya turufu kwa zaidi ya vipengele 6,000, kimoja kimoja. Aliyemrithi, Andrew Cuomo, aliikuta silaha hiyo mezani.

Na kile kiti cha Hillary Clinton?

Hapa aliboronga. Rais mteule Obama alimtangaza Clinton kuwa waziri wake wa mambo ya nje Desemba 2008, na Paterson akachukua karibu miezi miwili kumpata mrithi, akibadilisha kauli karibu kila wiki. Caroline Kennedy, binti wa Rais Kennedy, aliomba nafasi hiyo hadharani, kisha akajiondoa ghafla usiku, na watu wa ofisi ya gavana wakawavujishia waandishi habari za kumchafua. Haikuwa haki. Januari 23, 2009 akamtangaza Kirsten Gillibrand, mbunge asiyejulikana sana kutoka vijijini kaskazini. Namna ya kuchagua ilikuwa ovyo, ila aliyechaguliwa ameshinda kila uchaguzi tangu hapo.

"Mapinduzi ya Seneti" ya 2009 yalikuwa nini?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu.

Uchaguzi wa Novemba 2008 uliwapa Wademokrati Seneti ya jimbo kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 40, lakini kwa viti 32 dhidi ya 30. Juni 8, 2009, maseneta wawili Wademokrati, Pedro Espada na Hiram Monserrate, waliungana ghafla na Warepublican kupindua uongozi. Wademokrati wakazima taa za ukumbi na kuondoka. Wiki moja baadaye Monserrate akarudi kwa wenzake, na hesabu ikawa 31 kwa 31.

Sare huvunjwa na naibu gavana. Naibu gavana hakuwepo, kwa sababu aliyekuwa naibu sasa ndiye gavana, na katiba ya New York haikusema popote jinsi ya kumpata mwingine. Ukumbi ukakwama. Siku moja mwezi huo pande zote mbili ziliingia humo kwa pamoja, kila moja na mwenyekiti wake na rungu lake, zikaendesha vikao viwili vinavyopigiana kelele, kila upande ukijifanya hausikii mwingine. Sheria zilikuwa zinafikia ukomo wake, na miji ilisubiri idhini ya kukusanya kodi.

Paterson aliwaita kwenye vikao maalumu siku baada ya siku. Walihudhuria, wakasimama, wakatoka. Ndipo Julai 8 akafanya jambo ambalo mwanasheria mkuu wa jimbo, Andrew Cuomo, alikuwa ameshasema hadharani kwamba katiba hailiruhusu: akamteua naibu gavana. Alimchagua Richard Ravitch, mzee wa miaka 76 aliyewahi kuokoa usafiri wa reli za jiji na asiye na tamaa ya cheo kingine. Ravitch alikula kiapo jioni hiyo katika hoteli ya nyama choma ya Peter Luger, Brooklyn, kabla wapinzani hawajapata amri ya mahakama ya kuzuia. Kesho yake Espada alirudi chama chake, na mkwamo wa siku 31 ukaisha.

Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Septemba 2009 majaji wanne kwa watatu waliamua kwamba gavana alikuwa na haki: sheria ya watumishi wa umma inampa uwezo wa kujaza nafasi iliyo wazi pale ambapo hakuna utaratibu mwingine. Gavana ambaye magazeti yalikuwa yanamwita dhaifu alikuwa ameisoma sheria vizuri kuliko waliomcheka.

Wakenya watalitambua tatizo hili. Katiba ya 2010 inasema naibu hurithi kiti cha gavana, lakini ilikaa kimya kuhusu nani humrithi naibu. Ilibidi Mahakama ya Juu itoe ushauri mwaka 2018: gavana apendekeze jina ndani ya siku 14, na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60.

Aliacha sheria gani zinazogusa maisha ya watu?

Tatu nitazitaja. Aprili 2009 alisaini mageuzi ya sheria kali za dawa za kulevya zilizowekwa 1973 enzi za Gavana Rockefeller, zilizowafunga maelfu ya vijana Weusi na Walatino kwa miaka mingi kwa kiasi kidogo cha dawa. Majaji walirudishiwa uwezo wa kumpeleka mtu kwenye tiba badala ya jela. Alikuwa amelipigania hilo tangu akiwa seneta.

Julai 2010 alipiga marufuku polisi wa jiji kuhifadhi kwenye kompyuta majina ya watu waliosimamishwa na kupekuliwa barabarani bila kukutwa na kosa. Meya alimwomba asisaini. Alisaini.

Na Agosti 31, 2010 alisaini sheria ya haki za wafanyakazi wa majumbani, ya kwanza ya aina yake katika Marekani: malipo ya saa za ziada, siku moja ya mapumziko kila wiki, na siku tatu za likizo yenye malipo baada ya mwaka mmoja kazini. Waliofaidika ni yaya na wahudumu wa wazee, wengi wao wahamiaji, Waafrika wakiwemo. Kama una dada au shangazi anayelea watoto wa watu kule Manhattan, sheria hii inamhusu.

Kile kichekesho cha televisheni kilimuudhi kweli?

Ndiyo, na alikuwa na haki. Desemba 2008 kipindi maarufu cha Jumamosi usiku kilimwonyesha akipapasa hewa na kushika chati kichwa chini. Paterson alisema hana shida na kutaniwa kama mwanasiasa. Shida ni kumfundisha mwajiri anayetazama kwamba asiyeona hawezi kazi. Septemba 2010 alitokea mwenyewe katika kipindi hicho, pembeni ya mwigizaji wake, akamjibu uso kwa uso.

Kwa nini hakugombea 2010?

Ikulu ya Obama ilikuwa imeshamtumia ujumbe wa kumtaka asigombee. Alikaidi, akatangaza kugombea Februari 20, 2010, na siku sita baadaye akajitoa. Kati ya siku hizo gazeti liliandika kwamba msaidizi wake wa karibu alituhumiwa kumpiga mwanamke, na kwamba gavana mwenyewe aliongea na mwanamke huyo kabla ya kesi yake kusikilizwa. Uchunguzi haukumfungulia Paterson mashtaka, ila ulimkuta na kosa la busara. Siwezi kumtetea hapo. Gavana hapigi simu kama ile.

Alitozwa faini kwa ajili ya nini?

Tiketi tano za fainali za besiboli za 2009, za timu ya Yankees, alizozipata bure kinyume cha maadili ya utumishi. Tume ya maadili ilimtoza dola 62,125.

Alifanya nini baada ya ugavana?

Aliendesha kipindi cha redio, akakaa katika bodi ya usafiri wa umma wa jiji, na mwaka 2014 akawa mwenyekiti wa chama cha Democratic cha jimbo. Hakugombea tena.

Je, imetokea tena New York?

Agosti 2021. Andrew Cuomo, yuleyule aliyesema Paterson hana uwezo wa kuteua naibu, alijiuzulu ugavana kwa tuhuma za kuwanyanyasa wanawake kijinsia, na naibu wake, Kathy Hochul, akaapishwa kuwa gavana wa kwanza mwanamke. Kiti cha naibu kikabaki wazi kama mwaka 2008. Safari hii hakuna aliyezima taa wala kukimbilia mahakamani. Ndani ya siku chache Hochul alimteua Brian Benjamin, seneta aliyekalia kiti cha Harlem alichowahi kukikalia Paterson, na Benjamin alipojiuzulu Aprili 2022 akamteua Antonio Delgado. Aliwateua wote wawili kwa msingi wa hukumu ileile ya mwaka 2009.